Mwenyeji Zambarau Hapatikani

Hattie ni wifi yangu. Wifi wa ndoa, jamani, mke wa kaka yangu, si hii mnayoombana neno la siri mkishakaa tu kwenye kochi la watu. Nasema mapema kwa sababu nikianza kusimulia habari zake na kompyuta vijana wananikatiza kwa kicheko, na mimi nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau nilipofika.

Tulikuwa tunakaa mitaa ya jirani, upande wa mashariki wa mji wa Erie, huku ambako theluji ya ziwani inakufunikia gari ukiwa bado unatafuta ufunguo. Kaka yangu Kazik alifanya kazi kiwanda cha vichwa vya treni tangu ujana. Mwaka wa tisini na tano kiharusi kikampiga akiwa amesimama jikoni anapaka mkate siagi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa, na maneno yakamtoka yote. Likabaki moja tu: "Kumbe." Akitaka maji, kumbe. Akitaka kugeuzwa, kumbe. Akikasirika, kumbe mbili. Hattie alizielewa zote.

Basi Hattie akafungwa, sina neno jingine. Yule alikuwa mwanamke wa kutoka. Jumamosi utamkuta klabu anacheza polka mpaka viatu vinamwomba radhi. Kwaresima ikifika, yeye ndiye mkuu wa meza ya akina mama wanaofinya pierogi, vile vitambi vya unga vya kujazwa viazi, kwenye ukumbi wa parokia, na hizo pierogi zenyewe ni kisingizio, kinachofinywa pale ni watu ambao hawapo. Baada ya kiharusi cha Kazik yakabaki madirisha mawili, la jikoni na la sebuleni. Akienda dukani anarudi mbio kama aliyeacha chungu motoni. Mimi napika shule, watoto mia kadhaa wananisubiri na sahani zao, ningemsaidia saa ngapi? Nilikuwa napita jioni na chakula, namnyoosha Kazik miguu, naondoka. Yeye haondoki.

Miaka ile makampuni ya intaneti yalikuwa yanamwaga sidii za bure za kujiungia nayo kama njugu za harusi. Unafungua sanduku la posta, sidii. Unanunua gazeti, sidii. Siku moja nilinunua nyama dukani, mhudumu akaniwekea na sidii. Mimi zangu nilizitundika kwenye mti wa mcheri kufukuza ndege, zilizobaki nikawekea vikombe. Lakini mtoto wa Hattie, Teddy, aliyehamia Arizona kwenye jua, alimtumia mama yake kompyuta kuukuu badala ya kuja mwenyewe. Hattie akachomeka waya wa simu, akatumbukiza sidii, mashine ikalia kama paka aliyebanwa mkia na mlango, na tangu siku ile simu ya nyumba ile ikawa haipatikani, maana intaneti ya wakati ule ilipita kwenye waya huo huo, ukiwa ndani anayepiga anasikia inatumika tu.

Jina la kampuni silitaji. Ilishakufa, na mimi marehemu simsengenyi hata kama alikuwa mwizi.

Ndani ya kampuni ile mlikuwa na vyumba. Si vya kuingia kwa miguu. Unaandika, maneno yako yanapanda kwenye kioo, na waliomo nao wanaandika yao. Kulikuwa na chumba cha wavuvi, cha wenye paka, cha walioachika. Hattie akapata chumba cha watu wanaouguza mtu nyumbani.

"Wifi," aliniambia, macho yanamng'aa, "mle ndani kuna mama mume wake anatema vidonge nyuma ya jokofu. Kama Kazik!"

"Na wewe unajuaje kama si mwongo?"

"Sasa mwongo gani atakaa chini atunge habari za vidonge nyuma ya jokofu?"

Nikaenda kuchungulia nyuma ya jokofu lao. Vilikuwepo.

Sasa sikilizeni ujanja wa kampuni, maana hata leo nikiukumbuka natamani kumzaba mtu kofi. Vyumba vilikuwa maelfu, na kila chumba kilihitaji mtu wa kukaribisha wageni, kutuliza ugomvi na kufukuza wahuni. Kuajiri watu ni gharama. Wakawachagua wateja wao wenyewe, wale wenye moyo, wakawaambia: wewe ni Mwenyeji. Mshahara hakuna. Unapewa intaneti bure, wenzako wanalipia kila saa, na jina lako linaandikwa kwa rangi yake. Hattie akasomeshwa wiki nzima, akafanya mtihani, akafaulu, akawa Mwenyeji Zambarau, kwa ajili ya ule mti wa maua ya zambarau ulio mbele ya nyumba yao. Nilipokwenda jioni nilikuta ameoka keki.

"Umepata kazi?" nikamuuliza.

"Nimepata cheo."

"Cheo hakinunui nyanya, Hattie."

"Bronia, hebu kula keki unyamaze."

Kazik akasema kumbe, akapewa kipande.

Cheo kile kilikuwa na zamu, mchana na jioni, na kila zamu ikiisha unaandika ripoti. Ukichelewa unahojiwa. Ukiumwa unatafuta wa kukushikia. Na kulikuwa na amri moja kubwa kuliko zote: humo chumbani, wala hata pembeni mkiandikiana wawili, mtu asitoe wala asiombe jina la kweli, anwani au namba ya simu. Mwenyeji ndiye mlinzi wa amri hiyo. Anayeomba anajibiwa kwa maneno ya kampuni, bila kupunguza wala kuongeza: "Kwa usalama wako, usiombe wala usitoe jina, anwani au namba ya simu." Hattie alichoka kuyaandika, akayaweka kwenye kitufe kimoja. Anabonyeza, yanatoka yote.

Na ili wenyeji wasilegee, kampuni ilikuwa na wakaguzi. Wanaingia chumbani kwa jina la uongo, wanajifanya wagonjwa, wajane, watu wenye shida, wanakuomba namba. Ukitoa, umekwisha. Mwenyeji wa chumba cha wenye kansa alinaswa hivyo hivyo: mkaguzi aliingia kwa jina linalofanana na la mteja wa siku nyingi, akalia sana, mama wa watu akampa namba. Kesho yake jina lake likawa halipo.

Mle chumbani ndimo alimokuwa Birika.

Birika alikuwa anamuuguza mume wake, mahali penye joto, hilo ndilo tu tulilojua, maana alikuwa anawalalamikia mijusi. Alikuwa mcheshi yule, Mungu wangu. Siku Kazik alipopata kidonda mgongoni na muuguzi wa kutembelea majumbani amezuiwa na theluji, Birika ndiye aliyemwelekeza Hattie namna ya kumlaza na mto uwekwe wapi, hatua kwa hatua, na katikati anamtania: "Zambarau, ukimaliza hapo geuka na wewe ulale, maana hata mimi huku nakusikia unavyonuka uchovu." Hattie alicheka akalia, vyote pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na bakuli la supu. Niliona wivu, nikiri tu. Mimi damu ya Kazik nimesimama pale, na mwanamke asiye na uso ndiye anayejua mto unakaa wapi.

Kila siku ya Mungu, miaka miwili na zaidi. Birika akichelewa kuingia, Hattie hali. Nilimwambia, "Wewe una waume wawili, mmoja kitandani na mmoja kwenye kioo." Akanijibu, "Huyu wa kwenye kioo ananijibu zaidi ya neno moja."

Halafu akachoka. Mwili una mwisho wake. Alishikwa na mafua ya kifua, zamu hapati wa kumshikia, Kazik anataka kugeuzwa, mkubwa wake huko kampuni anadai ripoti. Mkubwa huyo alijiita Msimamizi Mnara. Nilikuwepo Hattie alipomwandikia kwamba anaomba kuacha.

Mnara akajibu kwa adabu tamu. Hakuna tatizo. Jina la Zambarau litarudi kwa kampuni, na barua zake zote zitafutwa.

Hattie akaandika: "Nitaingia kama mteja wa kawaida."

Mnara akasema mwenyeji aliyeacha haruhusiwi kurudi kwenye chumba alichokuwa anakisimamia, wala kuwaandikia waliomo.

"Na watu wangu?"

"Watu wa chumbani ni wateja wa kampuni, Zambarau."

Nilimwona Hattie anaisoma mara ya pili. Mikono yake ilikuwa juu ya vitufe, haiandiki.

"Mwambie akale barafu!" nikasema. "Toka humo, wifi. Sasa hivi. Zima!"

"Nikitoka nampoteza Birika."

"Mwandikie Birika kabla hujatoka."

"Wanasoma, Bronia. Wakiona nimempa namba wanamfuta na yeye. Simjui jina. Simjui mji. Nikizima hapa nitamtafutia wapi, kwenye mijusi?"

Akaiomba radhi kampuni. Radhi! Akaendelea na zamu anakohoa juu ya kioo. Kufikia wakati huo ile intaneti ya bure haikuwa na maana tena, kwa sababu kampuni ilishaanza kutoza wateja wote bei moja ya mwezi, ndogo tu, hata mimi ningeweza kumlipia. Hakikuwa tena cheo wala bure kilichomshika.

Ikaja siku yenyewe. Ijumaa, Kwaresima ya tisini na nane. Nilitoka parokiani na pierogi za viazi na jibini, bado za moto, na Hattie alikuwa kwenye zamu. Nilikuwa namlisha Kazik. Tulikuwa tumekisogeza kitanda chake sebuleni ili amwone mke wake akifanya kazi.

"Bronia," Hattie akaita. "Njoo usome. Upesi."

Birika alikuwa ameandika pembeni, kwa Hattie peke yake. Mume wake amekufa juzi. Mtoto wake anamhamisha wiki hii hii, kompyuta inauzwa, na huko aendako hakuna intaneti. "Zambarau, nipe namba yako ya simu. Nitakupigia nikifika. Tafadhali, mpenzi, sina mwingine."

"Mpe!" nikasema.

Hattie hakuigusa mashine.

"Mpe, una nini wewe?"

"Birika hajawahi kuniomba. Miaka miwili na zaidi, hajawahi."

"Mume wake hajawahi kufa pia!"

"Ndivyo walivyomnasa yule wa chumba cha kansa. Kifo, kilio, namba. Hivi hivi. Ikiwa ni mkaguzi, Bronia, nikimpa, kesho sipo. Birika wa kweli ataingia asinikute. Atadhani nimemtupa."

"Na ikiwa ni yeye?"

Kwenye kioo likapanda neno: "Zambarau? Upo?"

Nyuma yetu Kazik akasema, "Kumbe."

"Muulize kitu," nikasema. "Muulize anachokijua yeye tu."

"Kila kitu tulichoandikiana wanacho wao. Niulize nini?"

"Upo?" likapanda tena.

Hattie akabonyeza kile kitufe.

Kwa usalama wako, usiombe wala usitoe jina, anwani au namba ya simu.

Maneno yakakaa pale yametulia, yamenyooka. Halafu Birika akaandika, "Sawa, Mwenyeji. Nimeelewa." Hakuandika Zambarau. Akaandika Mwenyeji, akatoka.

"Kumbe," akasema Kazik. "Kumbe!" Akaupiga ule mkono mzima kwenye chuma cha kitanda, pierogi zikamwagika chini.

Wiki nzima Hattie alimsubiri aingie, amcheke, amwambie mkaguzi amefanana naye kweli. Hakuingia. Siku ya nane Hattie akamwandikia pembeni, amri na wakaguzi wakapotelee mbali, akaweka namba yake, jina lake, mtaa, kila kitu. Barua ikarudi: mteja huyo hayupo tena. Nilimkuta amekaa anaitazama, hata taa hajawasha.

"Alikuwa ni yeye," akasema.

Niliosha vyombo.

Kazik alitutoka Septemba, hospitalini, amelala. Watu wa parokia walijaa, klabu wakapika, hata Teddy akaja na koti lake jembamba la Arizona. Nikasema moyoni, basi, dada huyu ameachiwa. Kaka yangu nilimlilia, lakini nilisema hivyo, nisidanganye. Wale wa mazishi hawajamaliza hata kahawa, nikamwona Hattie anavua koti anakwenda kukaa kwenye kile kiti.

"Hattie! Leo?"

"Nina zamu."

"Mume wako tumemzika saa tano!"

"Birika akinitafuta," akasema, "akapata mahali pa kuingilia, ataingilia hapa. Hapana mlango mwingine, Bronia. Ananijua Zambarau. Hattie hamjui."

Nikamfokea mbele za watu. Nikamwambia amekuwa mfungwa anayefagia gereza lake. Akasema ndiyo, akaanza kuandika.

Mwaka mzima nilimvuta. Polka, hataki. Pierogi, hataki. Nilikuwa nimeshazoea kumpigia simu si ili apokee, ili nisikie inatumika tu. Ikilia ile tuu-tuu-tuu najua yu mzima, yuko kwenye kiti, nalala. Chumba chenyewe kilikuwa kinakauka. Watu walishapata kurasa zao na vijumba vyao kwingine, wakawa wanabaki watatu, wawili.

Mwisho wa tisini na tisa wenyeji wa makampuni mengine walianza kudai mishahara ya kazi waliyofanya bure, na kampuni ya Hattie ikaogopa. Ikawaandikia wenyeji wote: asanteni, Ijumaa ni mwisho, kuanzia wiki hii mashine itasimamia vyumba. Asante yenyewe mstari mmoja. Hattie hakunifyatukia, hakulia. Aliniambia tu, "Ijumaa," kama anayetaja siku ya kwenda kung'olewa jino.

Ya Ijumaa nimeyapata kwake mwenyewe. Alikaa tangu asubuhi. Mchana chumbani walikuwemo watu wawili asiowajua, hawasemi kitu. Dakika za mwisho za zamu yake akaandika, mbele ya wote, akijua ni amri gani anaivunja: "Birika, ukipita hapa, mimi ni Hattie, niko Erie, namba yangu ni hii." Akaiandika namba. Akabonyeza.

Ile mashine ya kampuni ilikuwa imeshaanza kazi. Ikayafuta maneno yake yakiwa hayajatulia, na mahali pake pakapanda haya: "Kwa usalama wako, usiombe wala usitoe jina, anwani au namba ya simu." Halafu ikamtoa. Hajui kama wale wawili waliwahi kusoma. Hajui walikuwa nani. Pengine mmoja wao alikuwa ni yeye.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa kwangu, nimeshavua viatu, nikampigia kama kawaida nisikie tuu-tuu-tuu. Simu ikaita. Miaka minne simu ile haijaita. Nikasema amekufa, amejinyonga, amefanya nini.

Ikapokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Birika?"

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, si siku ya harusi yao, si siku Teddy alipozaliwa. Nilitamani niseme ndiyo. Haki ya Mungu nilifungua mdomo.

"Ni Bronia, wifi."

"Aa," akasema. Nikamsikia anavuta pumzi. "Bronia, nakupenda, lakini kata. Kata simu, huenda mtu anapiga."

Nikakata.

Mpaka leo ile simu ya mezani hajaiondoa. Teddy amemnunulia ya mkononi, iko kwenye droo na vijiko. Kila Kwaresima namwambia twende ukumbini, meza imepoa bila yeye, na kila Kwaresima ananiuliza nani atapokea simu. Mimi nikitaka kumjulia hali natembea kwa mguu, hata theluji iwe ya kiuno, na magoti yangu haya. Simpigii tena.